Kiti cha Msimulizi

Jumatatu, 4 Machi

Kaka yangu,

Salamu tele kutoka nyumbani. U mzima? Kile kifua cha vumbi kimetulia? Mama anakusalimu na anauliza kama unakula mboga au unajidanganya kwa chai. Sisi wazima, ila mimi nina hasira, na kwa kuwa simu haishiki huko mnakochimba handaki, hasira yangu itabidi ipande lori la mizigo kama barua nyingine zote.

Ni habari ya meza.

Jumamosi tulikutana kwenye chumba cha nyuma cha kinyozi kama kawaida, wote: kinyozi mwenyewe, mwalimu, nesi na fundi bomba. Nikakaa kwenye kiti chako. Nilikuwa nimewaandalia zimwi la daraja, na nililiandaa kama ulivyonifundisha: jumlisha nguvu za mashujaa wote, mpe adui nguvu hizohizo, mizani ikae sawa. Nilijumlisha hata kazini, kati ya miwani ya mteja huyu na yule, hadi bosi akaniuliza leo nasaga kioo cha nani.

Zimwi likatokea. Nikalisimulia hasa, rungu, meno, harufu, kila kitu. Fundi bomba akalinyemelea kwa nyuma. Mwalimu akalirushia moto. Kinyozi akaligonga kwa ngao. Nesi, ambaye kazi yake ni kuponya, alikosa wa kumponya, akaona bora naye alichape fimbo. Zamu ya zimwi ilipofika lilikuwa limeshapiga magoti. Likapiga pigo moja, likakosa, likafa. Kinyozi akapiga miayo, halafu akaniambia pole, utadhani nimefiwa.

Mama aliponiona nimenuna aliuliza hivi huko huwa mnafanya nini hasa, watu wazima na makaratasi. Nikamweleza: mmoja anasimulia, naye ndiye maadui wote. Wengine kila mtu amebeba shujaa wake, anasema anataka kufanya nini, na dadu inaamua kama ameweza. Akasema kumbe wewe ndiye mbaya. Nikamwambia ndiyo, Mama, na ubaya wangu hautoshi.

Uliponiachia kiti ulisema nikushikilie mpaka mkataba wako uishe Julai. Sawa. Lakini niambie nakosea wapi, maana nikiendelea hivi watu watakuja kwa ajili ya soda tu.

Mdogo wako

*

Alhamisi, 21 Machi

Mdogo wangu mkaidi,

Hujambo? Mama hajambo? Mwambie mboga nakula, ila asiniulize ni zipi. Kifua kimepoa. Wamenihamishia kwenye kreni kubwa, nakaa juu siku nzima peke yangu kama kuku aliyetaga, na vumbi lote wanakula walio chini.

Barua yako imefika na alama ya kiatu cha dereva. Nimecheka hadi jirani yangu wa kitanda akadhani nimepata habari za harusi. Zimwi likapiga pigo moja, likakosa, likafa! Masikini ya Mungu.

Dawa yake ni rahisi: umekuwa na huruma. Adui mwepesi ni matusi kwa mchezaji. Mpe nguvu maradufu, mpe pigo zito, watajifunza adabu. Nimekuandalia vita vya Lango la Chumvi, viko kwenye karatasi hizi mbili, jemadari na kila kitu chake. Mpiga kengele wa mji amefungwa ndani ya ngome, wanakwenda kumtoa, jemadari anawazuia langoni. Usibadilishe kitu, wewe soma tu kama nilivyoandika. Meza ile naijua kama kiganja changu.

Kinyozi mpe salamu, mwambie hiyo miayo yake nitaishughulikia mwenyewe nikirudi.

Kaka yako

*

Jumatatu, 8 Aprili

Kaka,

Natumaini barua hii inakukuta salama huko juu kwenye kreni. Mama mzima, anakuombea. Mimi mwili mzima. Roho sijui.

Nimesoma vita vyako kama ulivyoviandika, neno kwa neno. Jemadari akatoka langoni, nikarusha dadu, na pigo la kwanza, la kwanza kabisa, likamwangukia yule mchawi wa mwalimu. Kwa nguvu ulizompa jemadari hapakuwa na la kujadili. Mwalimu hakuwa amepata hata zamu yake moja. Yule mchawi amemlea tangu siku ya kwanza ya meza, kaka, amemtungia mpaka mama mkwe.

Tungekuwa na nesi angemwinua. Lakini nesi siku hizi ana zamu ya Jumamosi wodini, na wewe huko juu hukujua. Umeandika vita vya watu wanne wakati mezani walikuwa watatu.

Mwalimu akakunja karatasi yake, akaiweka mfukoni. Akavaa koti. Akanishukuru kwa mchana mzuri, akatoka. Afadhali angenitukana. Fundi bomba akaanza kuokota maganda ya karanga yasiyokuwepo. Kisha kinyozi akasema, kwa upole kabisa, labda tupumzike mpaka kaka yako arudi.

Nikawaambia hapana. Hata mimi nilishtuka kuisikia. Nikasema nipeni Jumamosi moja, tarehe kumi na nane Mei, Lango la Chumvi upya kana kwamba hii ya leo haikutokea, na nisipoweza nitakaa kimya mpaka Julai. Wakatazamana. Kinyozi akakubali kwa shingo upande.

Kwa hiyo sikiliza. Usinitumie vita tena. Mimi kazini nikimpa mteja miwani iliyosagwa kwa macho ya mwenzake, anaumwa kichwa hata kama kioo ni kizuri. Wewe ulisaga kwa meza ya mwaka jana. Nijibu maswali yangu tu: kwa nini zimwi la nguvu sawa lilikufa kama nzi, na jemadari wa nguvu maradufu akaua kama radi? Katikati yake iko wapi? Nataka kuijua, na nitaijua.

Mdogo wako

*

Jumatatu, 22 Aprili

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Mimi sijambo.

Barua yako nimeisoma mara moja, imetosha. Unaniandikia utadhani wewe ndiye fundi mkuu. Meza hiyo niliianzisha mimi. Kinyozi hakujua hata dadu ya pande ishirini inashikwaje, akadhani ni ushanga. Usijitie kujua sana kwa miezi michache ya kukalia kiti cha mwenzako.

Mwalimu atarudi. Mwambie anayecheza na dadu asilalamike ikimuuma.

Nimeomba likizo mwisho wa Mei. Ahirisha hiyo Jumamosi yako, nisubiri, Lango la Chumvi nitalisimulia mwenyewe na mambo yatakaa sawa. Si aibu. Kila kazi ina mwenyewe.

Na kuhusu katikati unayoitafuta: hakuna. Kwani unadhani mimi nilifanyaje miaka yote ile? Lile boksi la kadibodi nililoliweka mbele yangu lilikuwa la nini? Unarusha dadu nyuma ya boksi. Ikitoka mbaya kuliko unavyotaka, unataja namba nyingine. Adui akielekea kufa mapema, unamwongezea uhai kimyakimya. Hakuna aliyekufa mezani kwangu bila mimi kupenda, na hakuna aliyeshinda bila kutoka jasho. Mambo ya kujumlisha nguvu ni mapambo, nilikufundisha ili usiogope. Hiyo ndiyo siri ya kazi, nakupa bure kwa kuwa ni damu yangu.

Msalimie Mama.

Kaka yako

*

Jumapili, 5 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Nakuamkia vizuri kwanza kwa sababu yanayofuata si mazuri sana. Afya njema huku. Mama anauliza likizo ni lini hasa ili atafute godoro.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kumbe! Yaani yule malkia wa barafu, tuliyepigana naye mezani kwako hadi akabakiza pumzi moja, na mimi ndiye niliyerusha dadu ya mwisho, na tukapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, wewe ulikuwa umeshapanga? Siku ile nilirudi nyumbani nikiruka barabarani, mtu mzima mimi. Nimelia, nakwambia wazi. Sikulia sana, lakini nimelia.

Sitawaambia. Furaha yao ya siku ile ni yao, siwezi kwenda kuipokonya. Ila boksi lako nimelikunja, nimeliweka chini ya mguu wa kabati linaloyumba. Mimi nitarusha dadu mezani, mbele ya macho ya kila mtu. Kama vita vyangu haviwezi kusimama bila uongo, basi havijawa vita, nirudi nikavitengeneze.

Na nimevitengeneza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kwanza nilikwenda kwa mwalimu. Nilimkuta anasahihisha madaftari, akanipa kiti, akanipa maji, mambo yote ya adabu, na uso umefungwa. Nikamwomba msamaha. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Sikukasirika kwa sababu alikufa. Kufa ni sawa. Nilikasirika kwa sababu alikufa kabla hajafanya lolote."

Kaka, maneno hayo yalinifungua macho kuliko karatasi zako zote mbili, usinichukie. Nilikwenda nayo nyumbani, nikamwaga vifungo vya Mama mezani, vyeusi maadui, vyeupe mashujaa, nikaanza kupiga vita peke yangu, mkono wa kulia na wa kushoto. Ndipo nikaona. Zimwi lilikufa kwa sababu lilikuwa moja. Wao wanapata zamu nne, lenyewe linapata moja. Hata lingekuwa na nguvu za ng'ombe, wengi wape. Na ukitaka kulitibu kwa kulipatia pigo zito, ndiyo unamuua mwalimu. Shida haikuwa nguvu, ilikuwa zamu. Sasa jemadari wangu ana askari, wepesi, pigo moja wanaanguka, lakini kila mmoja ana zamu yake na kila mmoja anamsumbua mtu. Nesi asipokuja, nawatoa wapiga mishale, vita viwe vya watu watatu. Nimesaga pande mbili, nitatumia ule utakaofaa.

Halafu Mama akakaa. Akasema anataka kujaribu, nikampa vifungo vyeupe vyote. Nikamsimulia lango, jemadari, mpiga kengele amefungwa kule ndani. Mama akapenya pembeni na kifungo kimoja, akamchukua mpiga kengele, akatoka mbio, akaniacha na jeshi langu zima nimelipanga. Nikamwambia Mama, hukupigana. Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Kwani nilikuja kupigana? Nilikuja kumchukua mtu."

Nikabadilisha kila kitu. Sasa jemadari hayupo pale ili auawe. Anazungusha gurudumu la lango, na kila duru, kila mtu akishapata zamu, lango linashuka. Nimepanga viberiti mezani, kila duru natoa kimoja, wote wanaona kilichobaki. Wanaweza kumpiga, wanaweza kulishikilia lango, wanaweza kukimbia kama Mama. Nguvu ya mamba ni maji, na maji ya jemadari ni lile lango. Nimeijaribu na vifungo mpaka vidole vimeniuma, na safari nyingine mashujaa wanashinda, safari nyingine wanatoka wakichechemea, na safari nyingine hawatoki wote. Mimi mwenyewe sijui itakuwaje. Hiyo ndiyo katikati niliyokuwa naitafuta.

Mwalimu amekubali kuja. Amesema mara hii moja.

Sitaahirisha. Ukipata likizo njoo, tutakupikia, godoro lipo. Lakini tarehe kumi na nane nasimulia mimi.

Mdogo wako

*

Jumatatu, 20 Mei

Kaka,

Lori limekuja mara mbili bila barua yako. Dereva anasema u mzima, unakula vizuri, na kwamba alikuuliza kama kuna mzigo wa nyumbani ukamwambia leo hakuna. Haya. Kwa hiyo umeninunia. Endelea, nitakusimulia hivyohivyo, kununa hakuzibi masikio.

Walikuja wote, hata nesi, alibadilishana zamu na mwenzake. Nikaweka dadu katikati ya meza. Kinyozi akauliza boksi liko wapi, nikasema limepata kazi nyingine. Akanyanyua nyusi.

Tangu duru ya kwanza nilijua ni tofauti kwa sababu hakuna aliyegusa soda. Walikuwa wanatazama viberiti. Fundi bomba alitaka aende moja kwa moja kwa jemadari, nesi akamwambia wewe, lango! Mwalimu hakutaka kumrudisha mchawi wake, alikuja na mhusika mpya, binti wa mfinyanzi anayejua uganga kidogo, na zamu yake ilipofika akagandisha sakafu ikawa barafu, askari wakaanza kuteleza, fundi bomba akapita katikati yao kuelekea ndani. Mwalimu akarudi nyuma kwenye kiti chake na nikaona amevua koti. Nilitaka kumkumbatia.

Kisha dadu zikawageukia. Nakuapia sijawahi kuona. Mpiga mshale wa kwanza, pigo kamili, nesi akaanguka. Wa pili, pigo kamili. Mkono wangu ulitaka kuifunika ile dadu, kaka. Uliinuka wenyewe. Nilikufikiria wewe, na nikaelewa kwa nini ulifanya ulivyofanya, uliwapenda. Mimi pia nawapenda. Nikaurudisha mkono mapajani, nikaisoma namba kama ilivyo.

Viberiti vikabaki viwili. Fundi bomba alikuwa upande wa ndani na mpiga kengele mgongoni, binti wa mfinyanzi anamburuta nesi kwa miguu. Lango liko kiunoni. Shujaa wa kinyozi peke yake ndiye aliyekuwa amesimama nje, salama kabisa, hakuna adui wa kumgusa. Nikamuuliza, unafanya nini? Nikamwambia wazi: ukisimama chini ya lango litasimama kwa duru moja, na jemadari atakupiga mgongoni, na uhai uliobakiza hautoshi. Nilitaka ajue kila kitu. Kinyozi akaangalia karatasi yake. Akawaangalia wenzake. Akasema, "Nasimama chini."

Wakapita wote. Nikarusha dadu ya jemadari, hadharani, wote wameinama juu yake, na ikawa kama nilivyomwambia.

Nesi alikuwa anafuta macho kwa kona ya sare yake. Kinyozi, yule yule wa miayo, akaniomba nisimulie tena jinsi alivyosimama. Nikamsimulia. Akaomba tena. Halafu akatoa kalamu akaanza kuandika mhusika mwingine, na bila kuinua kichwa akauliza, Jumamosi ijayo saa ngapi, msimulizi?

Hawajawahi kuniita hivyo. Wewe tu ndiye uliyekuwa msimulizi.

Kwa hiyo nasema sasa nikiwa nimepoa, ili usije ukadhani ni hasira. Kiti sikushikilii tena. Ni changu. Ulikitengeneza wewe, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, bila wewe nisingejua dadu wala meza. Lakini sitakuachia kiti Julai. Kati ya nesi na fundi bomba pana nafasi, na nimeshawaambia wasogee. Ukija, njoo na shujaa mmoja, kama watu wengine. Usipokuja meza itaendelea, nami nitaumia, lakini itaendelea.

Kula mboga. Mama anakusubiri.

Mdogo wako

*

Jumapili, 9 Juni

Mdogo wangu,

Hamjambo nyote? Mimi mzima. Mwambie Mama likizo sikuchukua, nakuja moja kwa moja Julai mkataba ukiisha.

Ni kweli nilinuna. Niliamua kukuandikia barua kali, nikaichana, nikaandika nyingine, hiyo nayo ikaenda na maji. Kisha nikaanza kutengeneza shujaa ili nikuonyeshe jinsi anavyotengenezwa, na nikashindwa. Miaka yote nimekuwa mazimwi, majemadari, wafalme, mapepo, kijiji kizima. Sijawahi kuwa mtu mmoja. Nilimpa nguvu za simba, nikaona huyu atawaharibia wenzake. Nikamfuta. Wa pili alikuwa anajua kila kitu. Nikamfuta. Wa nne ndiye huyu, yuko nyuma ya karatasi hii, mkague kama anafaa kwa vita vyako. Ni mbeba mizigo mnene anayeogopa giza, hana uganga, ana kamba na moyo. Nimeshampenda, nacheka peke yangu huku juu kwenye kreni.

Ninalo ombi moja tu, msimulizi. Huyu ni wangu na najua utamhurumia kwa sababu ni kaka yako. Usimhurumie. Dadu ikimwangukia vibaya, iache palepale ilipoanguka, wote tuione.

Kaka yako